Gari Linapolala Masika: Elimu ya Kuhifadhi Gari la Safari Katika Nyanda za Tabora

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, mwenye gari la safari, yaani gari lenye kitanda, meza na jiko ndani yake, hulilaza bandani majira ya baridi yanapokaribia. Hufanya hivyo kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni barafu: maji yagandapo huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na maji yaliyosahauliwa ndani ya bomba au injini yaweza kupasua chuma. Ya pili ni chumvi imwagwayo barabarani ili kuyeyusha barafu, kwani chumvi hiyo huharakisha kutu kupita kiasi.

Tabora haina barafu wala barabara zake hazimwagiwi chumvi. Hata hivyo mwenye gari wa huko ana majira yake ya kulilaza, nayo ni masika, au kifuku kama wasemavyo wakazi wengi wa bara. Kwa muda wa karibu miezi sita, kuanzia Novemba hadi Aprili, gari la safari aghalabu halina kazi. Swali linaloulizwa katika makala haya ni hili: Je, gari likikaa miezi sita bila kutembea, linapumzika au linakufa? Jibu hutegemea elimu ya mwenyewe juu ya mambo yanayotukia ndani ya chuma, mpira, asidi na mafuta wakati yeye anadhani kwamba hakuna kinachotukia.

Majira na safari katika Unyamwezi

Mji wa Tabora upo katika uwanda wa juu wa magharibi ya Tanzania, karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, katikati ya misitu ya miombo. Mvua ya mwaka ni kama milimita 900 hadi 1,000, na karibu yote hunyesha katika msimu mmoja. Baina ya vilima na misitu kuna mbuga, yaani mabonde mapana yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huo hunywa maji ukavimba wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hunywea ukapasuka nyufa. Gari linaloweza kupita mbugani mwezi wa Agosti bila shida huzama mpaka ekseli mwezi wa Februari.

Jambo hili si geni katika historia ya nchi. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora. Wapagazi wa Kinyamwezi, ambao walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, walipenda kusafiri wakati wa kiangazi na kurejea makwao kulima mvua zinapoanza. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakati mvua zinakaribia. Waliendelea na safari katika mvua hizo, wakafika Ujiji mwezi wa Februari 1858 hali afya zao zimedhoofika sana. David Livingstone naye alikaa katika tembe la Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872, akiwasubiri wapagazi kutoka pwani. Kwa hiyo Tabora ilikuwa kituo cha kupita na pia kituo cha kungojea, kutunza mali na kujiandaa upya.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 ikafika Kigoma mwaka 1914, na baadaye magari yakaingia. Leo barabara ya lami inaunganisha Tabora na Nzega, na njia nyingine kuu zimetengenezwa vizuri. Lakini njia za kuingia misituni, kwenye mizinga ya nyuki, kambi za wavuvi na mapori ya hifadhi, zingali za udongo. Gari lililowekwa kwa ajili ya njia hizo hulala masika kama ulivyolala msafara.

Gari linalozungumzwa

Mfano utakaotumika hapa ni Kombi ya Volkswagen ya aina ya zamani, ambayo injini yake imewekwa nyuma na hupozwa kwa hewa. Magari hayo yalianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na muda mfupi baadaye kampuni ya Westfalia ikaanza kuyatilia vitanda, makabati na meza. Kiwanda cha mwisho kilichotengeneza Kombi ya umbo hilo, huko Brazil, kiliacha mwishoni mwa mwaka 2013. Zilizobaki katika Afrika ya Mashariki ni chache, na vipuri vyake vya asili ni adimu. Hata hivyo kanuni zielezwazo humu zinalifaa kila gari la zamani, liwe Land Rover, Bedford au pikapu.

Uhaba wa vipuri ndio unaolipa suala hili uzito. Watanzania waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi fedha za kigeni zilivyokosekana, na jinsi gari zima lilivyoweza kusimama kwa kukosa kifaa kidogo. Msemo wa "gari liko juu ya mawe" ulikuwa na maana ya gari lililokufa. Lakini kuliweka gari juu ya magogo kwa makusudi, baada ya kuliandaa, ni tofauti kabisa na kulitelekeza juu ya mawe. La kwanza litaamka Mei. La pili litang'olewa kifaa kimoja kimoja mpaka libaki ganda.

Adui mkuu: maji yaliyomo hewani

Watu wengi hudhani kwamba gari likikingwa mvua limekwisha kuokoka. Dhana hii haitoshi, kwa sababu hewa yenyewe hubeba maji katika hali ya mvuke. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 25 za Sentigredi yaweza kubeba gramu 23 za mvuke kwa kiwango cha juu kabisa. Hewa hiyo ikipoa mpaka nyuzi 15, uwezo wake hushuka hadi gramu 13 hivi. Gramu 10 zilizozidi hazina budi kutoka, nazo hutoka kwa umbo la umande juu ya kitu chochote kilicho baridi.

Bati la gari hupoteza joto upesi usiku unapoingia, hasa likiwa wazi chini ya anga lisilo na mawingu. Ndiyo maana asubuhi huonekana matone juu ya paa la gari hata kama mvua haikunyesha. Matone ya nje hukauka jua likichomoza. Yaliyo ndani ya milango, chini ya zulia na ndani ya mihimili ya chini hayapati jua wala upepo. Hukaa, na kesho yake huongezewa mengine.

Hesabu ndogo itasaidia. Tuseme tangi la petroli la lita 60 limeachwa nusu, basi ndani yake kuna lita 30 za hewa. Kwa hesabu ya hapo juu, upoaji wa usiku mmoja hauwezi kutoa zaidi ya gramu 0.3 za maji. Ni kidogo sana. Lakini mchana hewa hupanuka ikatoka, usiku hunywea ikaingia mpya yenye unyevu, na usiku 180 ukizidishwa kwa gramu 0.3 huleta gramu 54. Kwa kweli kiasi kitakachopatikana ni pungufu ya hicho, kwa sababu hewa si kila siku imeshiba mvuke, wala hewa yote ya tangi haibadilishwi kila siku. Hata hivyo, maji ya kijiko kimoja yakitulia chini ya tangi la chuma yanatosha kuanzisha kutu, na chembe za kutu hiyo zitaziba kabureta.

Kutu ni nini?

Kutu si uchafu unaotoka nje ukalishika chuma. Kutu ni chuma chenyewe kilichoungana na oksijeni mbele ya maji. Mambo hayo matatu, yaani chuma, oksijeni na maji, yote ni lazima yawepo. Likiondolewa moja, kutu haitokei. Chumvi hailazimiki kuwepo, lakini ikiwepo huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na kwa kuwa kutu ni kazi ya kikemia iambatanayo na mikondo midogo ya umeme, kasi yake huongezeka.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili kwa misumari minne safi na chupa nne. Msumari wa kwanza utiwe katika maji ya kawaida, chupa ikiwa wazi. Wa pili utiwe katika maji yaliyochemshwa kwa dakika kumi ili hewa itoke, kisha juu yake imwagwe tabaka ya mafuta ya kupikia, na chupa ifungwe. Wa tatu uwekwe katika chupa kavu iliyofungwa barabara. Wa nne utiwe katika maji yenye chumvi, chupa ikiwa wazi. Baada ya wiki moja misumari ikaguliwe. Wa kwanza na wa nne itakuwa imeota kutu, ilhali wa pili na wa tatu itakuwa karibu kama ilivyokuwa.

Funzo la jaribio hili ni wazi. Gari lililotoka Bagamoyo huchukua chembe za chumvi ya hewa ya bahari mpaka bara, na lori lililopakia chumvi ya Uvinza, bidhaa iliyokuwa mashuhuri katika njia ya misafara, huibeba katika kila kiungo chake. Kabla ya kulilaza gari, lazima lioshwe kwa maji mengi yasiyo na chumvi, hasa chini ya matope ya mbuga yaliyogandamana ndani ya mapanga ya matairi, kisha likaushwe juani siku mbili tatu. Kuosha bila kukausha ni kumpa adui silaha.

Banda, turubai na funzo la kihenge

Wakulima wa Unyamwezi na Usukuma wanajua tangu zamani namna ya kutunza nafaka. Kihenge huinuliwa juu ya ardhi ili unyevu na wadudu wasipande, huwekewa paa pana ili mvua isikifikie, na mahindi hayatiwi ndani kabla hayajakauka. Kanuni hizo tatu, yaani kuinua, kufunika na kukausha, ndizo kanuni za kulaza gari.

Banda bora ni lile lenye paa la bati lisilovuja, sakafu iliyoinuka, na kuta zenye nafasi ya kupitisha hewa. Banda lililozibwa kabisa huhifadhi unyevu badala ya kuuondoa. Vivyo hivyo turubai la plastiki likilifunika gari mpaka chini, mvuke utokao ardhini hunaswa humo, na gari hukaa kama sufuria iliyofunikwa. Shuka ya pamba au turubai la nguo hufaa zaidi chini ya paa, kwa kuwa huzuia vumbi lakini hupitisha hewa. Asiye na banda akilazimika kutumia plastiki, ainyanyue kwa fito ili isiguse gari, na aache pande mbili wazi.

Ndani ya gari la kulala kuna vitu vinavyopenda unyevu kuliko chuma: godoro, mapazia, zulia na makabati ya mbao za plaiwudi. Unyevu wa hewa ukidumu juu ya asilimia 70 au 80, kuvu huanza kumea juu ya vitu hivyo. Kuvu huleta harufu mbaya, huozesha nguo, na vumbi la mbegu zake laweza kumdhuru mwenye ugonjwa wa pumu. Kwa hiyo godoro na mapazia yapelekwe nyumbani, makabati yaachwe wazi, na madirisha yaachwe na upenyo mdogo uliozibwa kwa wavu wa mbu. Siku ya jua, milango yote ifunguliwe kwa saa kadhaa. Mtungi wa gesi ya kupikia ufungwe, utolewe garini na usimamishwe mahali penye hewa, mbali na moto.

Betri

Betri ya gari ina sahani za risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Inapotoa umeme, sahani hizo hufunikwa na salfeti ya risasi. Inapochajiwa, salfeti hiyo hurudi ilikotoka. Betri ikiachwa bila kazi hupoteza nguvu yenyewe kwa asilimia chache kila mwezi, na kasi hiyo huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto. Kwa sababu hiyo betri iliyolala Tabora huisha upesi kuliko iliyolala katika baridi ya Ulaya.

Hatari haipo katika kuisha peke yake. Salfeti ikikaa muda mrefu juu ya sahani, chembe zake hukua na kuwa ngumu, hata umeme wa kuchaji hauziyeyushi tena. Hapo betri imekufa ingawa kwa macho inaonekana nzima.

Dawa ni hii. Betri itolewe garini, kituo hasi kikitangulia kufunguliwa. Vituo visafishwe na kupakwa grisi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu volti 12.6 baada ya kupumzishwa. Ikishuka hadi 12.4 ichajiwe, na isiachwe hata kidogo kufika 12.0. Kuipima na kuichaji mara moja kila mwezi hutosha. Kwa Kombi za miaka ya 1950, zenye umeme wa volti 6, vipimo hivyo vigawanywe kwa mbili. Mahali pasipo na umeme wa gridi, sahani ndogo ya umeme wa jua yenye kidhibiti chake hufanya kazi hiyo vizuri. Maji ya kuongezea yawe yaliyokenekwa, kamwe yasiwe ya kisima. Tena, betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Sigara, kibatari na mkaa vikae mbali.

Injini, oili na petroli

Petroli inapoungua hutoa maji. Lita moja ya petroli ikiungua yote huzaa karibu lita moja ya maji kwa umbo la mvuke. Injini ikiwa na moto wa kutosha, mvuke huo hutoka wote kwa ekzosi. Ikiwa bado baridi, sehemu yake hugeuka matone ndani ya bomba la moshi na ndani ya oili.

Hapa ndipo ilipo desturi inayoharibu magari mengi yaliyolazwa: kuyawasha dakika tano kila Jumapili ili "yasisahau". Dakika tano hazitoshi kuipasha injini moto, bali hutosha kuitia maji. Ama gari liendeshwe kwa nusu saa au zaidi mpaka injini na oili vishike moto sawasawa, ama lisiwashwe kabisa mpaka masika yaishe.

Oili iliyotumika ina maji na asidi zilizotokana na uunguaji. Isiachwe ilale na injini. Imwagwe ikali moto, itiwe mpya, injini izungushwe kidogo ili oili safi ienee. Kisha plagi zifunguliwe, na katika kila silinda itiwe oili safi kiasi cha kijiko cha chai. Injini izungushwe kwa mkono mara kadhaa, na plagi zirudishwe. Tabaka hiyo nyembamba ya oili huzuia pistoni zisigandamane na kuta za silinda.

Petroli nayo huzeeka. Sehemu zake nyepesi huruka, na sehemu nyingine huungana na oksijeni zikafanya utomvu unaonata katika njia nyembamba za kabureta. Kwa hiyo tangi la chuma lijazwe ili lisibakize hewa nyingi, lakini kabureta ikaushwe. Katika magari ya dizeli kuna tatizo jingine: maji yakitulia chini ya mafuta, vijidudu huota katika mpaka wa maji na dizeli, na utando wao huziba chujio. Huko, kumwaga maji ya chini ya tangi na ya chujio ni kazi ya lazima.

Breki na matairi

Breki ya mkono isiachwe imefungwa. Viatu vya breki vikikaa miezi sita vimeikumbatia dramu katika hewa yenye unyevu, kutu huviunganisha, na gari hukataa kusogea. Gari lililo chini lizuiwe kwa vigingi vya mbao mbele na nyuma ya matairi.

Jambo kubwa zaidi ni mafuta ya breki. Mafuta ya aina ya kawaida yana tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika ni nyuzi 140 tu. Dereva anayetoka Singida akirejea Tabora kwa mteremko wa Sekenke hukanyaga breki kwa muda mrefu, na breki hizo hushika moto. Mafuta yenye maji yakichemka hufanya mapovu ya mvuke, na mvuke, tofauti na maji, hubonyea. Pedeli huzama mpaka sakafuni, gari halisimami. Kwa hiyo kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili si anasa. Ni uhai wa abiria.

Matairi yanayobeba uzito mahali pamoja kwa miezi mingi hupata ubapa, na jua huupasua mpira. Gari liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya vishikizo vinne vya chuma au magogo mapana ya mti mgumu. Mawe ya duara huteleza, na matofali hupasuka ghafula. Vyote viwili visitumiwe. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Panya, mchwa na nyigu

Viumbe wa miombo hawasubiri ruhusa. Panya hutafuna ngozi ya waya na kujenga kiota katika njia za hewa. Katika Kombi jambo hili ni la hatari mno, kwa kuwa injini yake hupozwa na hewa tu. Kiota kikiziba njia ya feni, injini huungua. Nyigu wajengao kwa udongo huziba bomba la ekzosi na mirija midogo ya kupumulia tangi. Mchwa hawali chuma, lakini huleta udongo mbichi mpaka kwenye bodi, na wanaweza kula gogo lililoshika gari mpaka likaanguka. Kiini cha mninga huwastahimili kuliko mbao laini, lakini hata hicho kiwekwe juu ya zege au jiwe bapa, na kikaguliwe kila mwezi.

Basi nyasi zifyekwe kuzunguka banda, chembe za chakula zifagiliwe garini, na matundu yote yazibwe kwa wavu wa chuma au kitambaa. Kwa kila tundu lililozibwa, kipande cha kitambaa chekundu kifungwe kwenye usukani, ili mtu asije akawasha injini huku ekzosi imezibwa.

Hewa isiyoonekana

Onyo la mwisho linahusu monoksidi ya kaboni, gesi itokayo katika moshi wa injini na katika mkaa unaowaka. Haina rangi wala harufu. Hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu hulegea akafa bila kujua kinachomdhuru. Kwa hiyo injini isiwashwe katika banda lililofungwa, hata kwa dakika chache. Na mtu asiingize jiko la mkaa ndani ya gari ili kulikausha au kupata joto usiku.

Kombi ina hatari ya ziada. Joto la kupasha chumba chake huchukuliwa kwenye hewa inayopita pembeni mwa mabomba ya moto ya ekzosi. Mabomba hayo yakitobolewa na kutu, moshi huingia mahali wanapolala watu. Kila baada ya masika mabomba hayo yakaguliwe kabla mtu hajalala humo.

Kuliamsha gari

Mvua zikikatika, gari lisiwashwe kwa pupa. Fundi aanze kwa kuondoa vizibo vyote kwa kuhesabu vitambaa vya usukani. Aangalie mipira ya petroli: iliyopasuka ibadilishwe, kwani katika Kombi petroli huvujia karibu na injini yenye moto, na magari mengi ya aina hiyo yameteketea kwa sababu hiyo. Kizima moto kiwe karibu. Oili ipimwe, matairi yajazwe upepo, betri irudishwe, injini izungushwe bila plagi mara chache, kisha plagi zifungwe na gari liwashwe mahali pa wazi. Breki zijaribiwe kwa mwendo wa mtu anayetembea kabla ya kwenda barabarani.

Kazi yote iliyoelezwa haihitaji mashine za ghali. Inahitaji siku mbili za mwezi wa Oktoba, saa moja ya kila mwezi wa masika, na siku moja ya mwezi wa Mei. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika habari ya magari ambayo vipuri vyake havitengenezwi tena, ukuta wenyewe huenda usipatikane.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini gari lililokingwa mvua laweza kupata kutu hata hivyo?

2. Katika jaribio la misumari, ni kitu gani kilikosekana katika chupa ya pili, na kipi katika ya tatu?

3. Tangi la lita 40 limeachwa na lita 10 za petroli. Kwa kutumia hesabu iliyotolewa, hewa iliyomo ikipoa kutoka nyuzi 25 hadi 15 haiwezi kutoa zaidi ya gramu ngapi za maji kwa usiku mmoja?

4. Eleza kwa nini kuwasha injini kwa dakika tano kila wiki kunaidhuru.

5. Linganisha kihenge na banda la gari: ni kanuni zipi zinafanana, na kwa sababu gani za kisayansi?